Janga na biashara ya utalii Pwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa wenye hoteli ndogo na za kati, nyumba za wageni, mikahawa, kampuni za kutembeza watalii na wenye boti, kuanzia Mombasa na Diani hadi Unguja. Mifano mingi ni ya UVIKO-19, lakini taratibu zinafaa kwa mlipuko wowote utakaofunga viwanja vya ndege. Hesabu za hoteli zilizomo ni za mfano. Weka tarakimu zako.

Wageni walipungua kiasi gani wakati wa UVIKO-19?

Tanzania ilipokea watalii 1,527,230 mwaka 2019. Mwaka 2020 walikuja 620,867. Zanzibar peke yake ilishuka kutoka 538,264 hadi 260,644. Kenya, iliyokuwa na wageni milioni mbili na ushei mwaka 2019, ilipoteza zaidi ya asilimia 70 yao. Kurudi juu kulichukua muda: Zanzibar ilipita kiwango chake cha 2019 mwaka 2022 kwa wageni 548,503, na Tanzania kwa jumla ikakipita mwaka 2023 ilipofikisha 1,808,205.

Takwimu hizi zisomwe kwa tahadhari. Januari hadi katikati ya Machi 2020 wageni walikuja kama kawaida, kwa hiyo jumla ya mwaka inaficha miezi ambayo hoteli nyingi hazikuuza hata chumba kimoja. Biashara hufa mwezi wa tatu mfululizo ambao mishahara, umeme na rejesho la benki vimefika na droo ni tupu. Karibu kila jibu lililo hapa chini linarudi kwenye droo hiyo.

Kwa nini Zanzibar na Pwani ya Kenya hazikuumia kwa namna moja?

Kwa sababu milango ilifungwa na kufunguliwa kwa nyakati tofauti, na kila upande ulikuwa na wateja wake. Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa tarehe 25 Machi 2020 na kuzirudisha tarehe 1 Agosti. Katikati ya hapo, mapema Aprili, watu wa Nairobi walizuiwa kutoka na kaunti za Mombasa, Kwale na Kilifi zikazuiwa vilevile. Hapo ndipo Diani na Malindi zilipokosa pumzi: mgeni wa Ulaya hayupo, na yule wa Nairobi ambaye hujaza vyumba sikukuu naye hawezi kupita. Vizuizi vya Nairobi na Mombasa viliondolewa tarehe 7 Julai, na treni ya Madaraka kati ya Nairobi na Mombasa ikarudi tarehe 13 Julai.

Tanzania ilifunga anga katikati ya Aprili 2020 na kuifungua tarehe 18 Mei. Kufungwa huko kuliangukia masika, wakati ambao hoteli kadhaa za Unguja hufunga kila mwaka kwa ukarabati. Kufikia mwisho wa 2020 ndege za kukodi kutoka Urusi, Ukraine na Poland zilikuwa zikitua Zanzibar. Lakini wageni wa vifurushi hulala, hula na kunywa ndani ya hoteli kubwa za ufukweni. Nyumba ndogo ya wageni ya Mji Mkongwe ingeweza kusikia kwamba kisiwa kimejaa huku daftari lake likiwa jeupe.

Kufunguliwa nako si kwa mara moja. Tarehe 26 Machi 2021, siku chache kabla ya Pasaka, Kenya ilifunga tena Nairobi na kaunti nne jirani: Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Vyumba vya Pasaka vya Pwani vilivyokuwa vimeshalipiwa arbuni vikaahirishwa ndani ya siku mbili tatu. Tarehe 9 Aprili Uingereza ikaiweka Kenya kwenye orodha nyekundu, ya nchi zilizowekewa vikwazo vikali vya safari, na haikuiondoa hadi 22 Septemba. Anayepanga kurudi sokoni apange kwa hatua ambazo anaweza kuzirudisha nyuma bila hasara kubwa.

Mlipuko uko nchi nyingine kabisa. Kwa nini wageni wangu wanafuta safari?

Kwa sababu mteja wa mbali huiona Afrika kama sehemu moja. Mwaka 2014 Ebola ilikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone, na safari za mbugani Afrika Mashariki zikafutwa. Monrovia iko karibu zaidi na London kuliko ilivyo na Arusha, takriban kilomita 5,100 dhidi ya 5,400. Hata ndani ya nchi hali ni hiyo: virusi vya Marburg, vya jamii moja na Ebola, vilithibitishwa Kagera Machi 2023, ingawa kutoka Bukoba, mji mkuu wa mkoa huo, hadi Unguja ni karibu kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka.

Andika ujumbe mmoja siku ileile habari inapotoka, na uutume kwa kila aliyeweka nafasi ya siku 90 zijazo kabla hajauliza. Utaje umbali kwa kilomita, wizara ya afya imetangaza nini, kama ndege zinaendelea, na mgeni ana haki gani ya kuahirisha. Maneno kama “hakuna hatari yoyote” yaepuke: wiki ijayo yanaweza kukugeuka, na mgeni aliyedanganywa mara moja harudi.

Wageni wanadai arbuni zao. Nirudishe zote, nusu, au niwape barua ya kuahirisha?

Anza na mkataba, si na huruma wala hasira. Tafuta mambo matatu: masharti ya kufuta, kifungu cha matukio yaliyo nje ya uwezo wa pande zote, na nani hasa alikulipa. Aliyelipa mwenyewe mnamalizana wawili. Aliyekuja kupitia wakala wa Ulaya ni jambo jingine: kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2015 kuhusu vifurushi vya safari inamtaka muuzaji amrudishie msafiri fedha zote ndani ya siku 14 safari inapofutwa kwa sababu zisizozuilika. Wakala huyo atamgeukia mwenzake wa Arusha au Mombasa, naye atakugeukia wewe. Ndiyo maana madai hufika kwa kishindo, yote ndani ya wiki mbili.

Kinachofanya kazi mara nyingi ni kutoa chaguo kabla ya kuombwa: kuahirisha bila faini kwa miezi 18 au 24 kwa bei ileile, au kurudishiwa kwa awamu tatu zenye tarehe. Ukiandika barua ya kuahirisha, itaje kiasi kilicholipwa, sarafu, mwisho wa kutumika, kama inaweza kupewa mtu mwingine, na msimu usiohusika. Aliyelipa bei ya Mei akaja kuidai Desemba 27 atakula faida ya vyumba vitatu.

Malipo ya kadi yana hatari yake. Mgeni akipinga malipo kupitia benki yake, fedha huchomolewa kwenye akaunti yako kwanza, maelezo baadaye. Hifadhi mahali pamoja ushahidi wa kuweka nafasi, masharti aliyokubali na barua pepe mlizoandikiana, na ujibu ndani ya muda ulioandikwa kwenye taarifa.

Kosa kubwa kuliko yote liko nyuma kabisa: kutumia arbuni za Agosti kulipa mishahara ya Machi. Msimu ukiwa mzuri halionekani. Likija janga, unadaiwa fedha ambazo zilishaliwa. Fungua akaunti ya pili, arbuni zote ziingie huko, na zihamie akaunti ya matumizi siku mgeni anapokabidhiwa ufunguo. Kama huwezi kuanza na zote, anza na nusu.

Nifunge kabisa au niendelee na wageni wachache?

Tengeneza makundi matatu ya gharama. La kwanza ni zinazotokea kwa sababu mgeni kalala: kifungua kinywa, kufua mashuka, sabuni, maji, umeme wa kiyoyozi, kamisheni. La pili ni zinazobaki hata ukifunga: mlinzi, pango la ardhi, riba, bima, matunzo ya jengo. La tatu ni zinazokuja kwa sababu tu umefungua milango: wapishi, mapokezi, jenereta, intaneti ya wageni.

Chukua hoteli ya vyumba 20. Bei ya chumba ni TSh 120,000 kwa usiku na gharama ya mgeni kulala ni 40,000, kwa hiyo kila chumba kinaacha 80,000. Gharama za kila mwezi ikiwa wazi ni milioni 24. Ikiwa imefungwa ni milioni 9.

Ili isipate hasara inahitaji 24,000,000 ÷ 80,000, yaani siku-chumba 300 (chumba kimoja kikiuzwa usiku mmoja ni siku-chumba moja) kati ya 600 za mwezi, nusu ya vyumba. Lakini hilo silo swali la wakati wa janga. Milioni 9 zitatoka hata ukifunga, kwa hiyo uamuzi unahusu milioni 15 tu zinazosababishwa na kufungua. Gawa kwa 80,000: siku-chumba 188, vyumba sita na kidogo kila usiku. Ukiwa na uhakika wa vyumba saba, kufungua kunapunguza hasara hata kama bado ni hasara. Ukiwa na vitatu, kila siku ya kufungua unajichimbia shimo.

Kuna njia ya katikati ambayo wengi huisahau: fungua jengo moja au ghorofa moja, funga jiko la jioni, mpe mgeni kifungua kinywa na umwelekeze mkahawa wa jirani. Milioni 15 zikishuka hadi 8, vyumba vitatu na nusu vinatosha.

Nikishusha bei si nitapata wageni zaidi?

Anga ikiwa imefungwa, bei haimleti mtu. Ikiwa imefunguliwa nusu, tumia hesabu ileile. Ukishusha chumba kutoka 120,000 hadi 90,000, punguzo ni robo, lakini kinachobaki kinaanguka kutoka 80,000 hadi 50,000. Sasa unahitaji siku-chumba 480, asilimia 80 ya hoteli, ili usipate hasara, mwaka ambao majirani zako wanajaza asilimia 25. Kisha janga linapokwisha, wakala anakuonyesha bei ya mwaka jana na kukuuliza kwa nini umepandisha.

Ongeza thamani badala ya kukata: usiku wa nne bure, usafiri kutoka bandarini, chakula cha mchana cha watoto. Hivyo huondolewa kimyakimya hali ikirudi.

Nawezaje kuwavutia wageni wa ndani?

Andika bei kwa shilingi, si kwa dola. Uza kwa familia, si kwa kichwa: baba, mama na watoto watatu hawalipi bei ya vitanda vitano. Pokea malipo ya simu, na ruhusu kulipa kwa awamu kabla ya tarehe ya kufika. Wanakuja Ijumaa jioni na kuondoka Jumapili, hivyo Jumatatu hadi Alhamisi kutakuwa kimya; hapo ndipo mafunzo na mikutano ya taasisi inapofaa. Menyu ya pasta kwa siku tatu itawachosha. Weka wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharagwe, na chai ya maziwa isiyodaiwa kila kikombe.

Nifanye nini na wafanyakazi?

Panga hatua kutoka nyepesi hadi nzito: likizo za mwaka zilizolimbikizwa, kisha zamu za kupokezana, kisha kupunguza mshahara kwa muda, kisha likizo bila malipo, na mwisho kabisa kupunguza watu. Hatua ya tatu na ya nne zinahitaji ridhaa ya maandishi ya kila mfanyakazi, yenye tarehe ya kuanza, tarehe ya kupitiwa upya na kiasi. Tangazo lililobandikwa jikoni si ridhaa. Mishahara iliyokatwa kwa tangazo ndiyo inayorudi kama madai baada ya msimu kufunguka.

Tanzania Bara, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa ya kusudio la kupunguza watu, aeleze sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe kuhusu namna ya kuepuka, vigezo vya kuchagua na malipo. Aliyefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi hulipwa kiinua mgongo kisichopungua siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Mhudumu wa mshahara wa msingi wa 390,000 anayefanya kazi siku sita kwa wiki: 390,000 ÷ 4.333 ni 90,000 kwa wiki, 15,000 kwa siku. Akiwa na miaka sita, ni 15,000 × 7 × 6, yaani 630,000, mbali na notisi na likizo anayodai. Anayepinga kuachishwa ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Kenya, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka notisi isiyopungua mwezi mmoja, nakala kwa afisa wa kazi, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka. Zanzibar ina sheria yake, Na. 11 ya 2005. Pita Kamisheni ya Kazi kabla ya kutoa barua hata moja.

Jambo moja la kibiashara na la kiutu pia: mpishi mkuu, fundi wa umeme na mtu wa mapokezi anayejua lugha tatu ukiwapoteza, kuwapata tena huchukua msimu mzima. Wape hata theluthi ya mshahara, na uwaambie ukweli kuhusu hali ya fedha kila mwezi. Watu huvumilia njaa kwa muda; kufichwa hawavumilii.

Niiambie nini benki?

Nenda kabla ya kukosa rejesho la kwanza. Mwaka 2020 Benki Kuu ya Kenya ilitoa utaratibu wa nafuu kwa mikopo iliyokuwa ikilipwa vizuri hadi tarehe 2 Machi, na Benki Kuu ya Tanzania Mei mwaka huo ikaruhusu mabenki kupanga upya mikopo ya walioathirika, kila mmoja kwa hali yake. Aliyekuwa ameshachelewa tangu zamani alikuwa na hoja dhaifu.

Beba taarifa ya akaunti ya miezi 12, orodha ya nafasi zilizofutwa zenye tarehe na kiasi, na makadirio ya fedha kuingia na kutoka kwa miezi sita. Uliza waziwazi riba itahesabiwaje wakati wa mapumziko. Mkopo wa milioni 50 kwa asilimia 18 kwa mwaka huzaa riba ya 750,000 kwa mwezi. Ukipumzika miezi sita na riba ikaongezwa kwenye deni kila mwezi, utarudi ukidaiwa takriban milioni 54.67. Ukiweza, lipa riba tu na uahirishe deni la msingi.

Bima italipa?

Mara nyingi hapana. Bima ya kukatika kwa biashara kwa kawaida hudai kwanza mali iharibike, kwa moto au mafuriko, na janga halibomoi ukuta. Tafuta kwenye mkataba kipengele cha magonjwa ya kuambukiza au cha kufungwa kwa amri ya serikali, na usome vilivyotengwa. Uingereza mahakama ya juu iliwapa ushindi wafanyabiashara wengi Januari 2021 kwa sababu ya maneno halisi ya mikataba yao, hivyo soma neno kwa neno.

Hakuna mapato. Bado natakiwa kuwasilisha kodi?

Ndiyo. Ritani ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani) isiyo na mauzo huwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, Kenya na Tanzania Bara sawia. Faini hutokana na kutowasilisha. Kodi ya mapato Tanzania hulipwa kwa makadirio ya robo mwaka, na makadirio yanaweza kurekebishwa katikati ya mwaka. Asiyerekebisha anaendelea kudaiwa kodi ya faida aliyoiota Machi.

Hoteli ikifungwa miezi mitatu, nini huharibika?

Pwani, karibu kila kitu. Unyevu na chumvi havipumziki.

Magodoro yasimamishwe kwa ubavu, makabati yaachwe wazi, mapazia yafunguliwe. Kila chumba kiwashwe feni au kiyoyozi saa mbili kwa wiki, la sivyo ukungu utaingia kwenye dari na harufu yake haitoki kwa rangi mpya. Makuti yakaguliwe kila baada ya mvua kubwa. Tundu la ukubwa wa kiganja, kama hakuna anayelala chini yake, hugunduliwa godoro likiwa limeoza. Kondensa za viyoyozi zioshwe kwa maji baridi kila wiki mbili kuondoa chumvi.

Maji yaliyosimama kwenye mabomba kati ya nyuzijoto 20 na 45 huotesha bakteria wa Legionella, ambao huingia mapafuni kwa matone madogo sana ya bomba la mvua. Fungua kila bomba na kila bafu dakika tano kwa wiki, ukiwa umesimama mbali. Kabla ya kufungua hoteli, pandisha tangi la maji moto hadi nyuzijoto 60.

Bwawa la kuogelea lisiachwe tupu ikiwa uko karibu na bahari. Maji ya ardhini yakipanda, hulisukuma kutoka chini, sakafu ikapasuka au bwawa zima likainuka. Liache na maji, klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH 7.2 hadi 7.8, pampu izunguke saa chache kila siku. Bwawa la kijani huzaa mbu na kuanzisha ugomvi na majirani.

Jenereta liwashwe dakika 30 kila wiki likiwa na mzigo wa angalau theluthi ya uwezo wake. Kuliwasha tupu hujaza masizi kwenye ekzosi.

Usafi wa vyumba ubadilike vipi?

Kwa nyuso za kawaida, mchanganyiko wa klorini wa asilimia 0.1 unatosha. Chupa ikiandikwa 3.5%, pima mililita 30 na ujaze maji hadi lita moja. Ikiandikwa 5%, mililita 20. Futa uchafu kwa sabuni kwanza, kwa sababu klorini huishia kwenye uchafu kabla ya kufika kwenye kidudu. Acha uso ukiwa umelowa angalau dakika moja. Changanya upya kila asubuhi, na kamwe usichanganye na asidi ya kusafishia choo: gesi inayotoka inaweza kumlaza mhudumu hospitali. Nguvu nyingi zielekezwe kwenye vitasa, swichi, rimoti na bomba, halafu madirisha yafunguliwe.

Wavuvi, wenye boti na madereva wananidai. Nani alipwe kwanza?

Mdogo kwanza. Kampuni ya vinywaji inaweza kusubiri siku 60. Mvuvi aliyekuletea pweza kwa mkopo, mama anayefua mashuka na dereva wa kuleta wageni hawana siku 10. Wakiuza boti au gari ili wale, msimu ukifunguka hutapata wa kukuhudumia kwa bei uliyoizoea. Kama huna cha kutosha, lipa kila mmoja sehemu kila Ijumaa kwa tarehe inayojulikana.

Niweke akiba kiasi gani?

Anza na gharama za hoteli iliyofungwa kwa miezi mitatu. Kwa mfano wetu ni milioni 27. Hoteli hiyo ikijaza asilimia 70 kwa miezi saba ya msimu, inauza siku-chumba 2,940, sawa na milioni 352.8. Asilimia 8 ya mauzo hayo ni milioni 28.2, kwa hiyo msimu mmoja mzuri unatosha kwa miezi mitatu na miwili kwa miezi sita. Baada ya hapo ongeza jumla ya viinua mgongo unavyoweza kudaiwa.

Kata asilimia hiyo kila Jumatatu kutoka mauzo ya wiki iliyopita, usisubiri mwisho wa mwaka. Igawe mara tatu kwenye amana za muda maalumu za miezi mitatu, zikipishana mwezi mmoja mmoja, ili kila mwezi kuwe na fungu linaloiva. Isikae benki ileile inayokudai mkopo: ukichelewa rejesho, benki hiyo inaweza kuichukua kufidia deni, na hapo mlinzi wa getini ndiye atakayekosa mshahara.